Rambirambi Zilizofanana

Jumuiya yetu ya Waislamu hapa Kampala ina ukurasa wake wa mtandao ambamo watu huandikiana habari za ndoa, wagonjwa na misiba. Mimi ni mwalimu wa dini niliyestaafu, na ndimi ninayeutunza pamoja na binti yangu, ambaye huandika programu katika ofisi moja kule Nakasero. Desturi yetu ni kwamba badiliko la programu ya ukurasa haliwekwi kabla mwingine hajalisoma. Mimi husoma msimbo wake kwa sauti, mstari kwa mstari, kama nilivyofundishwa kusoma kitabu mbele ya sheikh. Yeye hucheka, lakini hungoja. Namshukuru Mungu kwa kazi hii. Imenipa cha kufanya baada ya sala ya alfajiri.

Taabu ya ukurasa ilikuwa misiba. Tangazo likitoka, kila mtu huandika "Inna lillahi wa inna ilaihi rajiun", na tangazo lenyewe husukumwa hadi halionekani tena. Watu wakawa wanakosa saa ya maziko. Binti yangu akaandika kinga: ujumbe unaofanana neno kwa neno na mwingine uliokwisha kuingia siku hiyo usipite.

"Maneno ni yale yale, Baba. Ya nini kuyarudia?"

Nikasoma, nikaona mantiki yake imekaa sawa. Tukaiweka.

Haukupita muda akafariki mzee mmoja wa Kasubi. Mjane wake akaingia eda, hatoki nyumbani, na pole nyingi zikawa zinamfikia kwa simu. Ana mdogo wake wa kiume anayekaa Bwaise. Walikuwa wamenuniana tangu huyo mdogo alipokataa kwenda kwenye harusi ya mpwa wake, mtoto wa huyo mjane. Siku ya maziko mafuriko yalifunga njia za Bwaise, naye hakufika. Mjane akangoja walau neno lake kwenye ukurasa. Hakuliona. Akatuma watu wamwambie kwamba kwenye hitima asije.

Yule mdogo akanijia nyumbani, simu mkononi.

"Maalim, mimi niliandika. Tazama hapa! Mashine yenu imenitoa kwenye undugu."

Kweli, kwenye simu yake ujumbe ulikuwepo. Nikamweleza: aliyeandika huuona wake, lakini maneno yakifanana wengine huonyeshwa ule uliotangulia tu.

"Kwa hiyo msikitini tukiitikia Amin, imamu achague moja, sisi wengine tufunge midomo?"

Binti yangu, aliyekuwa ameketi nasi, aliinamisha kichwa. "Nimekuelewa, mzee wangu."

Tukarekebisha. Sasa tangazo linabaki juu bila kusogea, na rambirambi hujipanga chini yake, kila moja na jina la mwenyewe, hata zikifanana zote. Zilizozuiwa hazikuwa zimehifadhiwa kwenye seva, ile kompyuta inayobeba ukurasa, kwa hiyo hatukuweza kuzirudisha. Nilipousoma msimbo mpya kwa sauti, binti yangu hakucheka.

Baada ya alasiri tukaenda Kasubi, sisi wawili na yule mdogo. Kwa kuwa mjane yumo edani, mimi nilibaki kibarazani, na mdogo wake akabaki nami kwa kuwa hakuwa amekaribishwa. Binti yangu akaingia. Tulimsikia akieleza kosa lilivyotokea na kwamba ndugu yake yuko nje, kisha sauti ya mjane ikapanda.

"Usinitungie hadithi, mwanangu. Harusi ilimshinda, pole ataiweza?"

Mdogo wake akataka kujibu. Nikamgusa goti.

"Andika," nikamwambia.

"Niandike nini tena, Maalim?"

"Yale yale."

Akaandika polepole kwa kidole kimoja. Upindo wa suruali yake ulikuwa bado na tope la Bwaise. Akatuma. Badiliko letu lilikuwa halijapitiwa na ujumbe wa mtu yeyote, na nilijikuta nikiufuata kimoyomoyo, kutoka simu yake hadi kwenye seva, kutoka seva hadi ndani ya nyumba.

Simu ikalia ndani.

"Hebu nisomee jina hili," mjane akasema. "Miwani sijui nimeiweka wapi."

Binti yangu akalisoma. Mdogo wake alikuwa akitazama mlango.

"Mwambie huyo aliye nje," sauti ikasema mwishowe, "chai inapoa."

Akavua viatu, akaingia. Mimi nilibaki pale pale, nikafungua simu yangu. Ujumbe wake ulikuwepo, chini ya ule wa mtu wa kwanza, maneno yale yale, na jina lake juu yake.