Bolti ya Chini, Upande wa Kulia

Yaya, kaka yangu mkubwa, alikuwa fundi wa mashine kiwandani hapa Likasi, nami nikamfuata kwenye kazi hiyo hiyo. Alipostaafu akaanza kuunda ndege ndogo ya rimoti. Mabawa yalikuwa ya mbao nyepesi, na injini aliitoa kwenye mashine ya kukatia majani aliyoinunua kule mjini Kakanda. Ilivyokuwa inatetemeka, mama yangu! Ukiishika, meno yanagongana mdomoni. Bolti nne zilizoifunga kwenye ubao wa mbele zililegea kila mara.

Basi tukafanya kama kiwandani. Ukishakaza, unachora mstari wa rangi kutoka kwenye nati mpaka kwenye ubao. Nati ikizunguka hata kidogo, mstari unakatika. Na aliyekaza haangalii, mwenzake ndiye anayeangalia. Yaya alikaza, mimi niliangalia, na rangi ilikuwa ile ya kucha ya shemeji, mke wake.

Jumapili moja baada ya misa tuliipeleka kiwanja cha mpira. Nusu ya mtaa ilikuja, maana mimi na mdomo wangu nilikuwa nimewaita wote. Tuliwasha injini ndege ikiwa chini, dakika kumi, tukazima, nikainama. Mistari mitatu ilikuwa mizima. Wa bolti ya chini, upande wa kulia, ulikuwa umekatika, unene wa uzi tu.

Kuifikia bolti ile ni mpaka ufungue bomba la moshi na elisi, ile feni ya mbele. Nusu saa nzima! Jua kali, watu wanapiga miluzi, njaa inaniuma. Nikaikwangua rangi kwa ukucha, nikachora mstari mpya. Mjinga mimi! Miaka yote kiwandani sikuwahi kuthubutu hivyo, nikaja kumfanyia ndugu yangu wa tumbo moja.

"Mistari iko namna gani?" yaya akauliza.

"Yote iko sawa, yaya."

Ndege ikapaa vizuri, ikazunguka kiwanja mara mbili. Halafu sauti ikabadilika, pua ikatikisika, injini ikang'oka pamoja na kipande cha ubao. Ndege ikaanguka nyuma ya goli. Hakuna aliyeumia, ila kazi ya mwaka mzima ilibaki vijiti.

Yaya akaokota injini, akapitisha kidole kwenye tundu la bolti. "Weye uliangalia, mistari ilikuwa muzuri," akasema. "Basi ni minye sikukaza. Mikono ilishachoka."

Hapo ndipo ningepaswa kusema ukweli. Nikamwambia pole tu. Ninajuta mpaka leo.

Tangu siku ile hajaunda kitu. Wiki iliyopita shemeji akanipigia simu: mguu wa kitanda chao umelegea, niende nikaukaze. Nikamkuta yaya ameketi kwenye kiti, mikono mapajani.

"Kaza weye, mudogo," akaniambia. "Minye siitegemei tena hii mikono."

Nikapiga magoti, nikakaza, naye akanishukuru.