Hakuna wa Kumwita Apenisa

Apenisa alifika mji wetu wa Arawa bunduki zilipokwisha kunyamaza, akiwa na begi moja na kofia ya ukindu. Alikuwa mwalimu mstaafu wa Fiji, mgane. Kanisa lake lilipouliza nani yuko tayari kwenda kisiwani kwetu Bougainville kufundisha bure, alinyanyua mkono kwa sababu, aliniambia, alikuwa amechoka kupika sufuria ya mtu mmoja. Akaja kwetu akaipika ileile.

Mimi naitwa Filo, mwalimu wa darasa la kwanza. Ni mtu wa Buka, kisiwa cha jirani, nikaolewa huku, vita vikanichukulia mume. Nyumba yangu na ya Apenisa zilitazamana ndani ya uzio wa shule.

Siku aliyoshuka kwenye gari watoto walimzunguka wakipiga kelele: "Mwekundu! Mwekundu kaja!"

Weusi wetu ni wa chini ya sufuria ya kuni, tunaringa nao. Na watu wekundu tuliowajua ni askari wa serikali waliokuja na helikopta. Maskini Apenisa hakuwahi kushika hata manati, rangi tu ilimponza.

"Tokeni hapa, nyie!" niliwafokea. "Huyu kaiva kwa jua, hajachoma nyumba ya mtu!"

Walimpa wanafunzi wenye ndevu. Hao walikimbilia msituni vita vilipoanza wakiwa watoto wa kuanza shule, wakatoka baba za watu, na herufi hawazijui. Bosco alikuwa mkubwa kuliko wote, ana mke na watoto, na alishika masomo upesi mno. Walimpenda Mwalimu, walimcheka anavyotamka maneno yetu, walimletea ndizi. Lakini kengele ikilia kila mmoja alishika njia yake. Kwetu mtu hukaa kwenye baraza la nduguye. Asiye ndugu wa mtu, utaketi kwake kwa njia ipi?

Basi jioni nilimwona akikoroga kava yake. Kinywaji kile kwao hunywewa na kundi, mmoja akipokea kikombe wenzake wanapiga makofi. Apenisa alijimiminia, akanywa, akajipigia makofi mwenyewe. Nikaingia ndani kwa aibu, kana kwamba nimemchungulia bafuni.

"Filo," aliniambia siku moja, "tangu mke wangu afe sijasikia mtu akiniita Apenisa. Hapa mimi ni Mwalimu tu. Mwaka ukiisha bila mtu kunizoea, nitarudi nikafie kwetu."

"Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe," nikamtania. "Wewe jembe umepewa, unataka nini zaidi?"

Akainuka akaenda kusugua sufuria yake.

Ikaja siku ya wazazi. Kila mwanafunzi alitakiwa kusoma ukurasa mmoja mbele ya jamaa zake. Bosco akasimama na shati lililopigwa pasi, akafungua kitabu, akanyamaza.

"Soma," akasema Apenisa.

Bosco akafunika ukurasa kwa kiganja.

"Bosco, jana ulisoma kama maji!"

"Mwalimu, nipe ukurasa mwingine."

"Kwa nini? Hilo neno la kwanza ni rahisi mno. Kla-ra. Sema: Klara! 'Klara alikwenda kisimani.' Klara!"

Wanawake wakafunika midomo. Safu ya nyuma alikaa mama mkwe wake Bosco, na jina lake ndilo hilo, Klara. Mama wa watu aliinamia miguu yake. Bosco hata ungemwekea panga shingoni asingelitamka; kwetu jina la mkwe ni mwiko. Alikiweka kitabu mezani taratibu, akatoka. Wenzake, ambao karibu wote wameoa katika ukoo wa mama huyo, wakamfuata.

Juma lililofuata darasani hakuingia mtu. Apenisa alifungua mlango kila siku, akaandika tarehe ubaoni, akaketi akingoja. Mwishowe nikamwendea nimekasirika.

"We mzee, umemvua nguo mkwe wa mtu mbele ya kadamnasi! Hukuweza kuuliza? Kuuliza si ujinga!"

Nilipomweleza alijishika kichwa. "Hata kwetu mkwe ana miko yake," alisema. "Sikufikiri mtu wa kitabuni anaweza kuwa mkwe wa mtu." Machozi yalimtoka, na hasira yangu yote ikaniishia.

Akachukua mizizi yake ya kava iliyobaki, akaenda kuiweka nje ya jiko la Mama Klara, akaketi chini kichwa ameinamisha, kama kwao waombavyo radhi. Nilikwenda naye. Mama aliendelea kumenya viazi vitamu mpaka nikadhani tutafukuzwa.

"Unajua nani anaruhusiwa kuniita vile mbele za watu?" hatimaye aliuliza.

"Sijui, mama."

"Kaka yangu. Nilikuwa naye mmoja. Walimwua huko juu mgodini, vita vilikoanzia, kaburi lake hatulijui. Tangu hapo hakuna aliyewahi kuniita kwa sauti kama ile." Akamsogezea sahani. "Sasa wewe umeniita. Kula, kaka."

Kesho yake darasa lilijaa. Jioni baraza la Apenisa likajaa pia, watu wakitafuna popoo na kupiga makofi ovyo kila kikombe kilipopita. Watoto wakamwita Babu. Wake za wanafunzi wakamwita Mjomba. Mama Klara alimwita Kaka. Bosco naye aliketi pembeni kabisa, macho chini, kama inavyompasa mtu aliye mbele ya mjomba wa mkewe, maana naye ni mkwe.

"Bosco," Apenisa alimwambia akicheka, "niite basi Apenisa, mara moja tu!"

Bosco akaziba mdomo. "Mzee, unataka meno yangu yote yadondoke?"

Watu waliangua kicheko. Apenisa naye alicheka, ila mimi nilimtazama usoni nikamwonea huruma.

Mwaka uliisha, hakurudi Fiji, wala mwaka uliofuata. Jioni moja watu walipotawanyika nilimwona barazani peke yake akisuuza vikombe. Nikawaza, ndani ya uzio huu ni mimi tu nisiye wa koo zile, mwiko wa jina lake haunihusu.

"Apenisa!" nikamwita.

Aliendelea kusuuza.

"Apenisa!"

Akatazama barabarani, kisha nyuma yake, ndipo akaniona.

"Samahani, Filo," alisema. "Nilidhani unamwita mtu mwingine."