Kopo la Poda kwenye Barieri

Chuo kilichonisomesha kinaandaa sikukuu, na kamati imenipigia simu. Wanataka wahitimu waliofanikiwa waje waseme mbele ya vijana diploma imewafikisha wapi. Kijana wa kwenye simu alikuwa na adabu kupita kiasi. Aliniita Maître, kama mawakili wanavyoitwa kwetu, kila alipovuta pumzi, akanieleza kwamba kila mgeni ataanza kwa neno la Mungu, atasema kwa ufupi, kisha tutapiga picha ya pamoja. Nilimwambia nitakuja. Sambusa zao ni nzuri.

Tulitoka wanne upande wa Beni, tukahitimu siku moja. Aliyesoma teolojia sasa yuko Kasindi, mpakani na Uganda, anawapitishia wafanyabiashara makaratasi ya mizigo kwenye forodha. Ukimuuliza kwa nini aliacha mimbari anakujibu kwamba hajaacha, ila amehamia mahali ambapo watu wanasali kwa bidii zaidi. Aliyesoma kilimo anauza simu za mkononi Bulengera, na nadhani mara ya mwisho alishika jembe siku ya mtihani wa vitendo. Mimi, mwanamke pekee kati ya wanne, ni wakili hapa Butembo, yaani naishi kwa ndugu wanaogombania kiwanja cha marehemu baba yao. Ninawatakia wazee wote wa mji huu maisha marefu, lakini si marefu mno.

Wa nne ni daktari. Yeye peke yake anafanya kazi aliyoisomea, na ndiye tuliyekaribia kumpoteza siku ileile tuliyohitimu. Nitaieleza hapa siku hiyo, kwa sababu najua kamati haitaipenda.

Ilikuwa wakati wa vita. Nchi ilikuwa imekatwa vipande, na kila kipande kilikuwa na rais wake na walinzi wake wenye miwani ya jua. Sisi tulikuwa chini ya waasi, na Kinshasa ilikuwa upande wa adui, mbali kuliko Ulaya. Waasi nao walikuwa wakiwasaka mayi-mayi, vijana wa msituni waliojipaka dawa na kuamini kwamba risasi ikiwafikia inageuka maji. Katikati ya hayo yote chuo chetu cha Kikristo hapa Butembo kilifungua milango kila asubuhi kwa wimbo na sala. Profesa wetu mmoja alitufundisha katiba kwa ukali mwaka mzima, na hakuna aliyethubutu kumuuliza ilikuwa katiba ya nani.

Siku ya kuhitimu tulivaa joho za kuazima, zenye jasho la waliotutangulia. Mkuu wa chuo alihubiri mpaka jenereta ikaishiwa mafuta, akaendelea kuhubiri bila kipaza sauti. Halafu kila mmoja akapewa karatasi iliyoviringishwa vizuri na kufungwa utepe mwekundu. Ndani hamkuwa na kitu, hata nukta. Diploma yenyewe ilitakiwa kupigwa muhuri Kinshasa, na muhuri hauvuki mstari wa vita. Kwa hiyo, baada ya miaka yote ile, tulipewa utepe. Tuliupokea kwa mikono miwili na kuinama.

Nje, mama wa daktari alikuwa anatusubiri na kopo lake.

Kwetu mtu akifaulu anamwagiwa poda kichwani, ile ya watoto wachanga, nyeupe na yenye kunukia. Hajipangusi. Anatembea nayo barabarani ili kila mtu ajue kwamba huyu amepita, na madereva wanampigia honi. Mama huyo alikuwa mjane mwenye mtoto mmoja tu, na alikuwa anauza makayabo, samaki wa chumvi, sokoni Beu. Masomo ya udaktari ni marefu kuliko ya sisi wengine, naye alianza kabla yetu, na yote yalitoka kwenye samaki hao. Daktari alipokuwa mwanafunzi tulimtambua kwa harufu kabla hajaingia kwenye sala ya asubuhi. Siku hiyo mama alikuwa amenunua kopo kubwa kabisa lililoingia kwa njia ya Kasindi. Alimmwagia mwanawe mpaka miwani yake ikawa haina kazi. Sisi watatu alitunyunyizia kidogo, kama mtu anayetia chumvi kwenye mchuzi wa jirani, akafunika kopo. Daktari alipojaribu kujifuta alimchapa mkono.

"Achana nayo," akamwambia. "Batu ba Beni banapashwa kuiona."

Tulipanda pamoja na mama nyuma ya kamioneti ya mjomba wangu, joho zetu zikipepea, tukashika njia ya Beni. Kwenye barieri ya kwanza, kizuizi cha kamba barabarani, askari walicheka na kutuomba Fanta. Kwenye ya pili hawakucheka. Kikosi kilichokuwa pale kilikuwa kimevamiwa na mayi-mayi asubuhi hiyo. Mmoja wao alikuwa amelala ndani ya kibanda akilia, na wengine hawakuwa wameshusha bunduki zao. Ndipo likatokea gari lenye vijana waliovaa magauni meusi, vichwa vyeupe. Bunduki zote zikatugeukia.

"Mushuke," askari mmoja akapiga kelele. "Muko na dawa ku kichwa."

"Hapana dawa, chef," mjomba akasema kutoka kwenye usukani. "Ni poudre tu. Banatoka kumaliza masomo."

"Mayi-mayi naye anaweza kununua poudre."

Ilikuwa kweli. Sisi wanne tulishuka, mikono juu. Kamanda akatoka kwenye kibanda. Hakuwa ametuzidi umri. Alikuwa na bastola kiunoni na kandambili miguuni, na alituzunguka polepole akitazama nywele zetu.

"Diplôme iko wapi?" akauliza.

Nilimpa karatasi yangu. Akafungua utepe, akaikunjua, akaigeuza upande wa pili. Akachukua ya pili, ya tatu, na ya nne. Zote nyeupe.

"Hakuna hata neno moja," akasema. "Munanichezea?"

"Ile ya kweli iko Kinshasa, commandant," mwanateolojia akajibu. Miaka yote wamemfundisha kusema kweli, na akachagua mahali pale kuanza. Kinshasa. Nilitamani kumziba mdomo kwa Biblia yake mwenyewe.

Kamanda aliturudishia karatasi na tepe zetu. Halafu akasema kwamba kama tumesoma kweli, kila mtu ataonyesha kazi yake hapohapo, na yule atakayeshindwa atahesabiwa kuwa mayi-mayi. Askari wake walikubali haraka. Mmoja alipendekeza tupigwe risasi kwanza, kwa sababu kama ni dawa haitatuumiza. Alisema hivyo bila ubaya wowote, jambo ambalo liliniogopesha zaidi.

Mwanateolojia aliambiwa asali. Akasali kwa Kifaransa, kisha kwa Kiswahili, kisha kwa Kinande, lugha ya kwetu, akapitia manabii wote, akawaombea wanajeshi, wazazi wao na wanyama wao, mpaka askari waliokuwa wamefunga macho wakaanza kuyafungua mmoja mmoja. Alipofika kwenye safari za mtume Paulo kamanda aliinua mkono.

"Inatosha. Huyu ni pasteri."

Mwanakilimo alionyeshwa tuta la kabichi karibu na kibanda, zimetobolewa na wadudu. Akachuchumaa, akataja jina la mdudu kwa Kilatini, akasema lazima kwanza kupima udongo kwenye maabara. Kamanda akamuuliza maabara iko wapi. Akasema Kinshasa. Nilifumba macho. Lakini kamanda alitikisa kichwa tu na kusema huyu naye amesoma kweli, maana hana msaada wowote.

"Na wewe, mama?" akaniuliza.

"Droit," nikasema, yaani sheria.

Walicheka wote, hata yule mwenye kutaka kupiga risasi. Kamanda akanyoosha kidole kwenye kamba iliyokatiza barabara.

"Droit njo hii," akasema. Ninavyo vitabu ofisini vinavyoeleza jambo hilohilo kwa kurasa nyingi.

Akabaki daktari. Wakampeleka kwenye kibanda, kwa yule majeruhi. Risasi ilikuwa imepita kwenye mguu na mfupa ulikuwa umevunjika, na wenzake walikuwa wameufunga kwa shati chafu. Rafiki yangu, ambaye chuoni alikuwa anaogopa kuuliza swali, alivua joho, akaagiza maji yachemshwe, akawafukuza wote waliokuwa wanamzibia mwanga. Alisafisha kidonda, akanyoosha mguu huku mwanateolojia ameushika na kufumba macho, akauwekea vijiti viwili vya mkaratusi. Hakukuwa na bandeji. Akatuomba zile tepe nyekundu. Diploma zetu zote nne zilifunga mguu huo, na mpaka leo sijui kazi nyingine yoyote ziliyowahi kuifanya vizuri hivyo. Majeruhi aliacha kulia. Nilijivunia rafiki yangu.

Kamanda naye alifurahi, na hapo ndipo mambo yalipoharibika.

"Muko banafunzi kweli," akasema. "Muende. Docteur anabakia."

Wakati ule kila mtu alijua maana ya neno hilo. Waliobaki kwenye barieri walikwenda na kikosi msituni, na msitu haukuwarudisha. Sisi tusiofaa kitu tuliachiliwa. Aliyefaa alikuwa amejifunga mwenyewe kwa tepe zile. Nikasogea mbele. Nilianza kwa sheria ya vita, nikataja raia na waganga, na sauti yangu ilikuwa nyembamba kama ya mtoto anayesema shairi. Kamanda akaniuliza kama nami nataka kubakia. Nikarudi nyuma. Hiyo ndiyo kesi yangu ya kwanza.

Mama wa daktari alikuwa bado amekaa nyuma ya kamioneti. Sasa akashuka, akiwa ameshika kopo lake, akaenda moja kwa moja mpaka mbele ya kamanda. Hakupiga magoti.

"Mutoto wangu," akamwambia, "ulisomaka mpaka wapi?"

Nadhani hakuna aliyekuwa amemuuliza swali hilo tangu avae bastola. Akajibu kabla hajakumbuka kukasirika.

"Cinquième ya sekondari, mama. Kulibakia mwaka moja. Vita ikakuja."

"Na kama vita haikukuja?"

"Ningepita."

"Hakuna mutu alikumwangia poudre?"

"Hapana."

Mama akafungua kopo na kummwagia kichwani.

Nilisikia bunduki zikikokiwa. Nilimtazama mwanawe, ambaye alikuwa amesimama kwenye mlango wa kibanda na damu ya mtu mwingine mikononi, na nikaona kwamba hata yeye hathubutu kupumua. Kamanda hakusogea. Poda ilimshuka kwenye nyusi, kwenye mabega, kwenye bastola. Mama alimwaga bila haraka, akipiga kitako cha kopo kwa kiganja ili kisibaki kitu, na nikaona ni namna ileile aliyommwagia mtoto wake asubuhi.

Lori lililotoka Kasindi likafika kwenye kamba. Dereva alitoa kichwa dirishani, akaona mtu mweupe kuanzia nywele mpaka kifuani, akafanya kile ambacho kila dereva wa kwetu anafanya. Akapiga honi, ndefu.

"Félicitations, chef," akaita kumpongeza.

Kamanda akainua mkono kumshukuru. Kisha akashusha macho kwa mama, akauliza kwa sauti ya chini:

"Mama, nilipita na ngapi?"

Kwetu mtu hafaulu hivihivi. Anafaulu na asilimia, na majirani wote wataiuliza. Hamsini ndiyo mlango. Chini ya hapo umeanguka. Mama alimtazama kuanzia poda mpaka kandambili, bila haraka, kwa jicho analowapimia wateja.

"Cinquante," akasema, yaani hamsini.

"Cinquante tu?"

"Cinquante juste. Ukibakia na mutoto wangu, unaanguka."

Hakuna aliyecheka. Nilidhani mama amechanganyikiwa na kwamba sasa tutakufa sote kwa ajili ya asilimia. Kamanda alilamba poda kwenye mdomo.

"Na nikimuachilia?"

"Tutaona."

Akawaza. Halafu akamfanyia daktari ishara kwa kidevu, na askari mmoja akaenda kulegeza kamba. Daktari alitaka kurudi kueleza namna ya kutunza mguu ule. Nilimvuta shati na kumwambia aelezee akiwa juu ya gari. Alieleza kweli, kwa urefu, huku injini inaunguruma. Mama alipanda mwisho, polepole, akakataa mkono wa kumsaidia. Kamanda akatufuata mpaka ubavuni mwa gari. Bado hakuwa amejipangusa.

"Mama. Ngapi?"

"Soixante," akasema mama, akiitoa sitini hiyo kama mtu anayeng'olewa jino. Kisha akaongeza kwa Kinande: "Wasingya."

Kamanda alipokea asante hiyo kwa kucheka, na gari likaondoka.

Tulipopita kona na barieri ikawa haionekani, mama aligonga kwenye kabini. Mjomba akasimama. Mama akashuka, akapiga hatua chache. Akakaa kwenye nyasi kando ya njia. Kopo tupu likamtoka mkononi na kubingirika kwenye mtaro. Mwanawe akaruka, akamshika kifundo cha mkono kupima mapigo ya moyo, jinsi walivyomfundisha, lakini mama akamvuta, akamkumbatia kichwa chenye poda, akalia kwa sauti.

"Angeuliza tena mara moja," alisema, "angeuliza tu mara moja, ningemupa cent pour cent, mia yote."