Abiria wa Behewa la Nyuma

Admin, nimekutumia kwa sauti maana shule yenyewe niliishia darasa la tatu. Andika kama nilivyosema, jina langu lifunike.

Ndugu zangu wa ukurasa huu, mimi ni mzee wa Mtwara, miaka themanini inanipigia hodi. Meno yamebaki matatu, yote ya kuchekea. Nina mke, nimwite Somoe ingawa siyo jina lake, tumeishi pamoja miaka hamsini. Sijawahi kukosa neno la kumchekesha. Wiki hii nimelikosa.

Mwanzoni mwa miaka ya sabini nilikuwa kuli kwenye ghala la korosho karibu na bandari. Ghala lile zamani lilikuwa banda la treni. Reli ya Nachingwea ilishang'olewa, yakabaki madoa ya mafuta sakafuni na sisi tuliokulia kwenye honi yake. Msimu ukiisha ghala linakuwa tupu, tunashona magunia tu. Mimi kukaa bure siwezi. Nikaanza kuunda treni. Mabehewa kwa makopo ya mafuta ya kula, magurudumu vizibo vya soda, reli nikanyoosha vyuma vya miavuli mibovu. Kuivuta ni kamba ndefu iliyozungushwa kwenye rimu ya baiskeli. Ndani ya bomba la moshi naweka kaa la moto na udi, inafuka kweli. Ikajaa ghala zima: stesheni, mikorosho ya vijiti, mlima wa magunia ambao treni inapita nyuma yake. Abiria niliwachonga mwenyewe, na chanjo zao usoni, zile chale za wazee wetu.

Mnyapara alipoiona akafoka, "Uchafu gani huu?"

"Bwana mkubwa, serikali imeondoa treni, mimi nimeirudisha."

"Na tiketi?"

"Wewe panda tu, tutaelewana mbele."

Kesho yake kaja na filimbi ya mpira. Akawa stesheni masta mpaka jioni.

Somoe alikuwa anauza mihogo getini. Yeye na mumewe walikuja wakikimbia vita vya Msumbiji, kisha mumewe akarudi ng'ambo ya Ruvuma kumchukua mama yake. Hakuonekana tena. Miaka ikapita. Sheikh akamwambia sasa anaruhusiwa kukaa eda aendelee na maisha. Yeye ndiye aliyegoma. Mimi nilikuwa nampenda mpaka nakula mihogo asubuhi, mchana na jioni, tumbo linalia kama ngoma. Nikimtajia ndoa anasema, "Kaka, nina mume."

Siku moja kaingia kudai sahani yake. Akapita kwenye treni, akasimama ghafla. Kainamia behewa la nyuma.

"Huyu umemwona wapi?"

Kumbe nilipokuwa namchonga yule abiria kisu kiliteleza, kikakata ncha ya sikio la kushoto. Mumewe alikuwa na sikio hilohilo. Mimi yule bwana sikuwahi kumwona, wallahi.

Tangu hapo kila mchana anakuja kumsalimia. Anamsalimia kabisa, mnasikia? Sisi tunashona magunia nywele zimesimama. Mwisho akaniambia, "Kaka, ongeza reli mpaka mtoni. Treni ikifika naye, nitamngoja mpaka kufa. Isipofika naye, nimejua hayupo tena."

Nikajenga. Mto Ruvuma nikaufanya kwa bati nikalijaza maji, juu yake daraja la vijiti vya mihogo. Nikawa najitania, ona mjinga huyu, anajenga reli ya kumleta mume wa mwanamke anayemtaka! Lakini yule abiria sikumfanyia hila. Asubuhi ya mwisho kabla korosho hazijaingia, nilimweka mwenyewe kwenye behewa, Somoe anatazama.

Mnyapara akapuliza filimbi. Mimi nazungusha rimu upande huu, Somoe anakwenda kusimama upande wa mtoni. Treni ikapita nyuma ya mlima wa magunia, inafuka udi. Ikatokea. Ikasimama darajani.

Behewa la nyuma halina mtu.

Somoe akasema polepole, "Hajaja." Akajifunika kanga kichwani, akatoka. Akakaa eda, ilipokwisha tukaoana. Watoto tumepata, wajukuu tumepata.

Lakini mimi siku ile nilipekua gunia moja moja, nikafagia ghala mpaka kwenye pembe. Hayupo. Nikajua kashuka njiani. Miaka hamsini mlango ukigongwa bila salamu, mimi kabla ya uso natazama sikio. Nikisikia harufu ya udi kwenye harusi ya watu, natoka nje. Wanadhani nakwenda kuvuta sigara.

Juzi Somoe kaenda msibani Mikindani, akanipigia nimtafutie kadi yake ya hospitali sandukuni. Chini kabisa, ndani ya kanga ya zamani, nimemkuta. Yule yule, sikio lile lile. Uso umelainika, chanjo zimefutika kwa kushikwashikwa. Na anang'aa mafuta ya nazi. Mafuta mabichi, ndugu zangu, ya juzi.

Kumbe siku ile alipokuwa anakwenda upande wa mtoni alipita nyuma ya magunia.

Sasa nalala macho. Alimshusha ili mimi nipate njia? Au alimshusha ili asifike kwenye ule mto uliompoteza, abaki naye? Miaka yote hii nilikuwa namwogopa mtu wa mlangoni, kumbe tunalala naye chumba kimoja.

Nimemrudisha kwenye kanga yake, nimemlaza uso juu asikose hewa. Somoe kapiga tena leo: "Mbona hunitanii, unaumwa?" Nikasema mtandao mbovu.

Anarudi kesho. Nyie mliokaa kwenye ndoa, niambieni: nimuulize mke wangu, au nianze na mimi kumsalimia huyu abiria?