Mzee Aliyeniomba Maji Ndani ya Treni ya Vienna

Haya sikusimuliwa na jirani wa jirani. Yalinipata mimi mwenyewe, macho wazi, tumbo limeshiba, sina hata mafua. Kama hutaki kuamini, sawa, lakini soma mpaka mwisho kwanza, ndiyo uniite mwongo.

Mimi ni wa hapa Garissa. Shule niliachia kidato cha pili, nikaingia sokoni kuuza vitambaa na mama. Tangu utotoni nina wazimu mmoja tu: treni. Garissa haina reli, lakini nilikuwa napanga viatu vya ndugu zangu mstari mrefu sebuleni, navisukuma mpaka Ulaya, na mwenye kutaka kiatu chake lazima asubiri kituo. Basi fikiria furaha yangu habaryar, yaani mdogo wake mama anayeishi Vienna, alipokaribia kujifungua akapiga simu: "Nileteeni yule mwenye treni zake aje anisaidie."

Kwetu mwanamke akijifungua anakaa ndani siku arobaini. Hata akiwa Ulaya? Hata akiwa mwezini! Habaryar alipata mtoto wa kiume, akajifungia na ubani wake ghorofa ya nne, mume wake akawa kazini kutwa. Nyama, tende, nepi, dawa, yote yakawa juu yangu. Alininunulia tiketi ya mwezi, akanionyesha kituo kwa kidole kupitia dirishani, basi, nimehitimu.

Na sikupotea hata siku moja. Mji ule ni wa zamani sana, majumba yake yana sanamu za watu waliobeba kuta mabegani kama wapagazi, lakini usafiri wake ni kama ulipangwa na mtu mwenye huruma. Juu zinapita tramu nyekundu zikipiga kengele, chini zinapita treni, kila njia na rangi yake. Kituoni hakuna mlinzi wala geti. Unaingia tu, wanakuamini. Ila wapo wakaguzi, wamevaa kama abiria wengine, humjui mpaka atoe kitambulisho. "Asiye na tiketi usikae naye," habaryar alinionya. "Watasema mko pamoja, na visa yako itaingia shida. Unanisikia, wewe wa kuota ndoto?"

Nilisikia. Nilisikia kupita kiasi.

Siku yenyewe ilikuwa ya Desemba. Baridi ikiingia kule, jua linazama mapema mno, hujatulia baada ya Alasiri tayari ni giza. Nilikuwa natoka kununua nyama ya mbuzi upande wa pili wa mji. Nimevaa koti la kijani la habaryar, nikijiona kwenye kioo cha treni, wallahi nikajipenda. Nilijiambia, leo mtu akiniona atasema huyu amezaliwa hapa. Ndani ya mkoba nilikuwa na chupa ya maji imejaa, kwa sababu mtu wa kwetu hamruhusu mtoto atoke nyumbani bila maji, hata theluji ikianguka.

Nilikaa dirishani nikiota kwamba mimi ndiye dereva. Mara nikasikia harufu. Moshi wa kibuyu cha maziwa, vumbi, ngamia. Harufu ya nyumbani kabisa. Kutazama mbele yangu, mzee amekaa. Kikoi, viatu vya mpira wa tairi, fimbo juu ya magoti, shuka imemfunika kichwa mpaka puani. Miguu yake ilikuwa nyeupe kwa vumbi. Vumbi kavu, siku ya theluji! Wewe ungeshtuka, sivyo? Mimi sikushtuka. Mimi niligeuka kuangalia ni nani anatuangalia.

"Awowe," akaniita kwa Kisomali. Awowe ni babu, na kwetu babu humwita mjukuu jina hilo hilo, na mzee yeyote anaweza kumwita hivyo kijana yeyote. "Awowe, nina kiu. Wewe ni mtoto wa nani?"

Swali hilo halikwepeki. Unataja baba yako, na baba yake, na baba wa huyo, mpaka mfike mahali damu zenu zilikutana, na hapo mgeni ameshakuwa wako, maji yako ni yake. Majina hayo ninayo yote. Awowe wangu wa Eldas, baba wa baba yangu, alinifundisha nikiwa mdogo, yeye anakamua ngamia, mimi nataja, nikikosea jina ananirushia povu la maziwa usoni.

Lakini nyuma ya mzee niliona wanaume wawili wamesimama, wanatoa vitambulisho. Nikakumbuka onyo la habaryar. Nikajibu kwa Kiswahili, lugha niliyodhani haielewi:

"Samahani mzee, sijui hiyo lugha."

Akaiinamia fimbo yake. Kisha akasema, kwa Kiswahili, taratibu: "Bole, mama. Bole sana. Nilifikiri wewe mtoto yetu."

Bole! Niambie, katika Vienna nzima nani anasema "bole" mahali pa "pole", kama si mtu wa huku kwetu? Sikujiuliza. Sikumtazama hata usoni, nilitazama viatu vyake tu, navionea haya. Na chupa ilikuwa inanigusa goti.

Mkaguzi akafika. Nikampa tiketi yangu, na kabla hajafungua mdomo, kwa Kiingereza changu cha kidato cha pili, nikasema: huyu mzee simjui, hatuko pamoja.

Mkaguzi alitazama kiti cha mbele yangu. Akanitazama mimi. "Mzee gani?"

Kiti kilikuwa kitupu. Niamini. Hakuna aliyeniuliza habari zake, hakuna aliyemwona, na mimi nilishamkana.

Treni ilikuwa imesimama Stephansplatz, chini ya lile kanisa lao kuu la kale. Nikamwona nje, amesimama na fimbo yake katikati ya watu, wanampita kama nguzo. Shuka ilikuwa imefunguka mdomoni tu, midomo yake imepasuka kwa ukavu. Yule mwanamke wa kwenye spika akasema maneno yake ya kila kituo, "Tsuruk-blaiben, bite", maana yake baki nyuma, tafadhali. Milango ikajifunga.

Nilishuka kituo kilichofuata, nikakimbia upande wa pili, nikarudi. Hayupo. Niliuliza watu kwa mikono, wakanikwepa. Basi nikafungua ile chupa, nikaiweka kwenye benchi pale aliposimama, nikaanza kutaja majina. Baba, babu, baba wa babu, kwa sauti, kwa Kisomali, nalia na nyama yangu ya mbuzi mkononi. Mtoto wa kwetu. Mtoto wa kwetu, mzee. Nilitaja mpaka nikamaliza, nikaondoka.

Nyumbani nilimkuta habaryar ameshika simu, machozi yanamwangukia mtoto. Awowe wa Eldas alikuwa amefuata ngamia aliyepotea, akapotea yeye, maji yakamwishia porini. Walimpata magharibi ile ile, amelala chini ya mgunga.

"Yuko hai?"

"Yuko hai, alhamdulillahi. Mbona umekuwa mweupe hivyo?"

Arobaini ilipokwisha nilirudi Garissa, na sikukaa, nikapanda basi mpaka Wajir, na kutoka hapo mpaka Eldas. Awowe alikuwa kwenye mkeka wake, mchangamfu vile vile. Ila sauti haikuwepo. Mtu aliyekuwa akisimama kisimani akiwaita ngamia kwa majina, mmoja mmoja, wakaja kama watoto wa madrasa, sasa ananong'ona tu. Anayewaita siku hizi ni baba yangu mdogo, na wanamtazama kama mtu wa kodi.

"Awowe, wewe unajua treni," akaninong'oneza, "nieleze. Siku ile ya kiu niliona nyumba ndefu inakimbia ndani ya ardhi. Watu wamekaa kimya utadhani wako msibani. Kuna msichana wa koti la kijani, pua juu kama ngamia anayekataa kukamuliwa! Nikamwomba maji. Akasema hajui Kisomali." Akacheka mpaka akakohoa.

"Homa hiyo, mzee," baba mdogo akasema.

"Homa inajua lugha? Kuna mwanamke sikumwona, akasema, suruk-blayben, bita. Hayo ni maneno gani, awowe?"

Nikaiweka chai chini. Unajua nilijibu nini? Nilimtazama mzee aliyenifundisha majina, nikasema, "Sijui hiyo lugha, awowe."

Mara ya pili. Ulimi ule ule.

"Basi," akaendelea, "macho yalikuwa yameshafumba. Akaja msichana mwingine, huyo hata uso sikuuona. Nilimsikia analia, anataja baba zangu wote, hakuruka hata mmoja. Nikaonja maji."

Baba mdogo hakutaja homa tena. Akasema kwamba walipomkuta, ndevu zake zilikuwa zinadondoka maji. Walidhani ni jasho. Lakini mtu mwenye kiu ile, jasho atalitoa wapi? Daktari wa zahanati alimwambia baba mdogo kwamba angepata maji mapema kidogo, koo lingepona.

Mapema kidogo. Kutoka Stephansplatz mpaka kituo kinachofuata, na kurudi. Njia hiyo naijua vizuri, si mimi mwenye treni?

Sasa niko Garissa, dukani. Ninaweka mtungi wa maji mlangoni kwa kila anayepita, watu wananisifu, na sifa zao zinanichoma. Koti la kijani nilimwachia habaryar, sikutaka hata kulikunja. Mwezi huu awowe yuko kwetu kwa matibabu, na kila akimaliza kuswali anaomba dua kwa ile sauti ya kunong'ona. Anawaombea wasichana wawili. Wa kwanza, Mungu amsamehe. Wa pili, Mungu ambariki. Ananiambia siku nikiendesha treni yangu nimtafutie wote wawili, ana maneno nao.

Mimi nakaa nyuma yake kwenye mkeka, na ninasema amina mara mbili.

Nitamwambia. Kila siku nasema nitamwambia kesho. Lakini wewe unayesoma, usifike nilipofika mimi. Ukiwa mbali, katika mji wa watu, ukasikia sauti ya kwenu inakuuliza wewe ni mtoto wa nani, jibu. Jibu papo hapo, mpe mtu maji, halafu visa na tiketi vijipange vyenyewe. Na mtazame usoni. Tafadhali, mtazame usoni.