Shangazi wa Kamera na bei ya neno "harusi"

Saa mbili na robo asubuhi, Jumamosi. Korido ya ofisi ya msajili wa ndoa ina mabenchi mawili ya mbao, ndoo ya kudekia na jozi tano za maharusi wanaosubiri kuitwa. Mwanamke mwenye miwani iliyofungwa kamba shingoni anaisukuma ndoo kwa mguu hadi nyuma ya mlango, anafungua pazia la dirisha, kisha anarudi nyuma hatua tatu.

"Hapo hapo. Bwana harusi, mbona umeficha mikono kama mtoto aliyeiba sukari?"

Bwana harusi ni fundi wa matairi. Weusi wa mpira umeingia kwenye mistari ya vidole vyake, na jana alivisugua kwa sabuni ya unga hadi ngozi ikachubuka. Anasema kwa sauti ndogo kwamba anaona aibu.

"Aibu ya nini, baba? Mikono hiyo ndiyo iliyonunua gauni. Itoe. Mshike mwenzio."

Bibi harusi, mfanya usafi katika shule ya sekondari, anaangua kicheko. Kamera inalia mara nne.

Mpiga picha huyu ana miaka hamsini na mitatu. Katika mtaa anaoishi, katika ofisi hii na kwenye simu za mabibi harusi wasiopungua mia mbili, jina lake ni moja tu: Shangazi.

"Mama yako unamwonea haya. Dada yako mnagombana," anasema. "Shangazi anakwambia ukweli, halafu anakushonea kifungo." Hatanii. Kwenye mkoba wa kamera mna sindano, uzi mweupe, pini na leso safi.

Kamera yenyewe aliinunua ikiwa imeshatumika. Mpira wa pembeni umebanduka, naye ameuzungushia utepe mweusi. "Mimi na yeye tuna magoti mabovu," anasema, "lakini macho yetu mazima."

Wawili hawa wa leo hawakuanzia kwake. Walizunguka studio nne kwa wiki mbili, wakitumia siku zao za mapumziko. Katika ile ya kwanza, kijana wa kaunta aliwatazama viatu kabla hajawatazama nyuso. Katika ya tatu waliambiwa bei ya kifurushi cha chini kabisa. Ni sawa na mshahara wa bibi harusi wa miezi mitano, bila kula wala kulipa nyumba.

"Ndani yake kulikuwa na droni, video ya dakika tatu na albamu ya ngozi," anasimulia bibi harusi. "Nikamuuliza, nikitoa droni itapungua? Akasema droni iko ndani ya kifurushi, haitoki. Sasa mimi naolewa kwenye korido, kaka. Droni itaruka wapi?"

Walikaribia kukata tamaa na kutumia simu ya shemeji. Lakini kamera ya simu hiyo ina ufa, na kila anayepigwa hutokea na mkwaruzo katikati ya uso. Ndipo mpishi wa shule, aliyemwoza binti yake mwaka jana, alipowapa namba ya Shangazi.

Bei ya Shangazi ni mshahara wa siku tisa wa bibi harusi huyu. Saa mbili za kazi, picha arobaini, ishirini kati ya hizo zimesafishwa kwenye karatasi nzuri. Hakuna droni.

Ukimuuliza anawezaje, hukasirika. Hamkasirikii muulizaji, anakasirikia swali lenyewe.

"Usiniulize mimi naweza vipi. Waulize wao wanashindwa vipi."

Ana haki ya kusema hivyo, kwa sababu ameyaona ya ndani. Alifanya kazi miaka kumi na tisa katika studio kubwa. Alianza kwa kukata pembe za picha, akahamia kwenye gundi za albamu, akamalizia kwenye meza ya kupokea wateja. Anajua karatasi inauzwaje kwa pakiti. Anajua kwamba ile ngozi ya albamu si ngozi.

Mwaka jana alifanya jaribio ambalo mwandishi huyu alilirudia mwenyewe, na majibu hayakutofautiana. Alipiga simu studio tisa. Siku ya kwanza aliomba mpiga picha wa mkutano wa familia: watu sitini, saa tatu, ukumbi mmoja. Siku ya pili, bibi harusi mmoja akapiga akiwa amekaa pembeni yake, akaomba kitu hicho hicho. Watu sitini, saa tatu, ukumbi ule ule. Alibadilisha neno moja tu. Akasema "harusi".

Studio saba kati ya tisa zilipandisha bei zaidi ya mara mbili. Moja iliipandisha mara nne. Alipouliza sababu, jibu alilopewa lilikuwa: "Harusi ni harusi, dada."

Kamera ni ile ile. Kadi ya kuhifadhia picha ni ile ile. Hata mtu anayebonyeza ni yule yule. Kilichoongezeka ni furaha ya mteja, na kumbe furaha nayo ina kodi.

Meneja wa studio moja, aliyeomba asitajwe, alijitetea kwamba harusi ina dhamana kubwa. "Mkutano unaweza kurudiwa. Harusi ikiharibika umemharibia mtu maisha."

Shangazi alipoambiwa maneno hayo alifungua droo, akatoa mkataba wa studio hiyo hiyo. Kidole chake kilisimama kwenye mstari wa mwisho wa ukurasa wa pili, wenye herufi za ukubwa wa mchanga. Unasema picha zote zikipotea, mteja atarudishiwa nusu ya malipo, basi.

"Dhamana hiyo?" akauliza. "Kumbe maisha ya mtu kwao ni nusu."

Aliacha kazi ya studio miaka minane iliyopita, na hakuacha kwa ajili ya mshahara. Mteja mmoja, muuguzi msaidizi, alikuwa amelipa malipo ya awali. Wiki moja kabla ya siku yenyewe baba yake akafariki. Akaomba harusi isogezwe mwezi mmoja. Mwenye studio akasema malipo ya awali hayahamishwi, na akamwagiza Shangazi ampigie msichana amwambie.

"Nikampigia. Hicho ndicho ninachojilaumu, nilipiga," anasema. "Nikasikia watu wanalia nyuma yake. Nikamwambia kuhusu masharti. Akaniambia, 'Asante mama.' Asante! Angenitukana ningelala."

Mwezi ule ule akaandika barua ya kuacha kazi. Mumewe, dereva wa lori ambaye siku hiyo alikuwa safarini, alipata habari kwa simu. Aliuliza kama kamera ya kuazima inapatikana.

Tangu hapo chumba chake cha kazi ni cha mbele ya nyumba, nyuma ya duka la vifaa vya shule. Kuna shuka jeupe ukutani kwa picha za vitambulisho, ambazo ndizo zinazolipa umeme. Kuna stuli mbili, na dirisha analolisifu kuliko mitambo yote. Harusi hufanya Jumamosi na Jumapili.

Pigo kubwa lilimkuta mwaka juzi, katika ukumbi wenye kuta za vioo na zulia jekundu. Bibi harusi alikuwa mshonaji. Yeye na mwenzake walikuwa wamechanga kwa miezi kumi na minne ili wapate ukumbi ule kwa mchana mmoja. Mama mzazi alikuwa ndiyo kwanza amesimama kumwekea binti yake mkono kichwani. Mlinzi akamgusa Shangazi begani.

"Mama, wewe haumo kwenye orodha."

Orodha gani? Orodha ya wapiga picha wa ukumbi. Asiyekuwamo hulipa ada ya kuingiza kamera. Ada hiyo ilizidi bei yote aliyowatoza maharusi.

Alimwomba mlinzi dakika tano tu. Msimamizi wa ukumbi akaja, akaweka kiganja mbele ya lenzi. Picha ya kiganja hicho bado anayo, imebandikwa juu ya meza yake. Kina pete mbili.

Alianza kufunga mkoba. Kisha mama wa bibi harusi, ambaye mkono wake ulikuwa bado uko hewani, akauliza kuna nini. Akaelezwa. Akaliangalia zulia, akaviangalia vioo, akasema kwa sauti iliyofika hadi jikoni:

"Shangazi akitoka, na mimi natoka. Na binti yangu natoka naye. Bakini na vioo vyenu."

Wakatoka. Wifi wawili wakabeba keki, mjomba akabeba viti vinne kwa mkupuo mmoja, bibi mzaa baba akabebwa na kiti chake. Baraka za mama zikatolewa kwenye maegesho, kati ya gari la mizigo na mapipa ya taka. Shangazi akapanda juu ya tofali mbili ili mapipa yasionekane.

"Walicheka siku ile, wakacheza," anasema. "Lakini mimi sitaki mtu aniambie ilikuwa nzuri. Watu walilipia ukumbi wakaolewa kwenye mapipa. Hiyo si hadithi tamu, huo ni wizi."

Jumatatu alikwenda na mshonaji ofisi ya malalamiko ya biashara. Wakaambiwa waje Alhamisi. Alhamisi wakaambiwa faili halijafunguliwa. Mara ya tatu ofisa aliwatazama kwa uchovu, akauliza, "Mama, kwani kuna mtu amekufa?"

"Hakuna aliyekufa," Shangazi akamjibu. "Kuna watu wameibiwa mchana kweupe, wakiwa wamevaa vizuri."

Ofisa alicheka, kisha akaona anayecheka ni yeye peke yake. Akauchukua mkataba wa ukumbi, akausoma wote, akaurudia. Ada ya kamera haikuwamo. Ilikuwa kwenye tangazo lililobandikwa karibu na choo, ambalo hakuna aliyewahi kulitia saini.

Barua ya ofisi ilitoka baada ya wiki sita. Ukumbi uliamriwa kuwarudishia maharusi malipo ya mchana ule, na ukawarudishia. Mshonaji alinunua cherehani ya pili.

Laiti mambo yangeishia hapo. Mwezi uliofuata ukumbi ulichapisha mikataba mipya. Ada ya kamera sasa imo ndani, ukurasa wa nne, herufi za mchanga. Kila kitu ni halali. Kumbi nyingine tatu zimeiga.

Mwandishi huyu alimtafuta msimamizi wa ukumbi. Alijibu kwa ujumbe mfupi wa simu kwamba wateja wasioridhika wana uhuru wa kwenda kwingine. Kwingine wapi, hakusema.

Shangazi hakukaa akalia. Aliandika maswali kumi kwenye karatasi moja, akaenda kuyatoa nakala. Je, kuna ada ya kuingiza kamera? Iko ukurasa gani? Siku ikisogezwa, malipo ya awali yanasogea? Picha zikipotea, nalipwa nini? Ninaweza kutoa nisichokihitaji? Karatasi hiyo humpa kila anayeulizia bei, hata anayekwenda kuajiri studio nyingine. Mke wa mwenye duka humtania kwamba anawapa wateja ramani ya kumkimbia.

"Waache wakimbie," husema. "Ila wakimbie wakijua."

Kwa wanaobaki, ana sharti moja. Bibi na bwana harusi lazima wamletee majina ya watu kumi na wawili, si zaidi, ambao siku moja watatamani kuwaona tena na isiwezekane. Hao atawapiga kwanza, mmoja mmoja. Wengine watapatikana katika kundi. "Watu huniletea thelathini. Nawaambia, rudini nyumbani mkafikirie. Hapo ndipo mtu anagundua rafiki wa kazini hayumo, na bibi wa jirani yumo."

Sasa anafundisha pia. Msusi mmoja wa mtaani, mama wa watoto wawili, amefuatana naye kwa mwaka na nusu, na tangu mwezi wa pili mwaka huu ameanza kupokea harusi zake mwenyewe. Wengine watatu wako njiani. Mpango ni kupata wanawake wanane, ili Jumamosi moja yenye jozi tano za maharusi kwenye korido isimlazimu yeyote kusema hana nafasi. Amemwomba msajili ukuta mmoja wa kubandika bei zao, wazi, herufi kubwa. Msajili anasema analitafakari suala hilo. Analitafakari mwezi wa nne sasa.

Lakini mwezi wa nane kuna harusi ambayo Shangazi hataipiga.

Binti yake wa pekee, mwalimu wa chekechea, anaolewa. Mama alikuwa amekwishapanga yote: pembe ya chumba, mwanga wa saa tatu, lenzi ya kuazima. Binti akamsikiliza hadi mwisho, kisha akaleta albamu zote za nyumbani na kuziweka juu ya meza. Wakazifungua ukurasa kwa ukurasa. Siku za kuzaliwa, mahafali, msiba wa babu, safari ya kwenda kumsalimia shangazi wa kweli.

"Nitafutie ulipo, mama," binti akasema.

Hakuwamo. Katika miaka yote hiyo alionekana mara mbili, na moja ni kivuli chake ukutani.

"Mimi ni mtu wa kubisha," anasema Shangazi, akivua miwani na kuifuta muda mrefu kuliko inavyohitaji. "Siku ile nilizifunga albamu, nikampigia msusi simu."

Basi atapigwa picha na msusi. Msusi alitaka kuifanya kazi hiyo bure, wakagombana vikali kwenye ngazi za duka hadi wateja wa madaftari wakasimama kusikiliza. Shangazi alishinda. Analipa bei kamili, na ameuliza maswali yote kumi.

Naye amepewa nafasi ya kuandika majina yake kumi na mawili. Ameandika kumi na moja. La kumi na mbili binti yake alilijaza mwenyewe, bila kumwuliza: la mama yake.

"Nimeambiwa nitasimama upande wa kushoto, karibu na mwanangu, na nisimpangie mtu mwanga," anasema. "Nitanyamaza."

Anairudisha miwani machoni.

"Nitajaribu kunyamaza."