Gladys na Mvi za Babake

Gladys binti Ngowa ni mwoga, na simsengenyi, kwani mwenyewe hukiri mbele za watu. Anaogopa radi, anaogopa beberu, anaogopa kipaza sauti. Akipewa kipaza sauti kanisani hukishika kama aliyeshikishwa nyoka, na sauti humkauka. Basi watu wa kanisa letu hapa Magarini, kwa sababu wanazozijua wenyewe, wakamchagua awe mlezi wa vijana.

Nilicheka siku ile. Lakini miaka imepita na vijana hawataki mwingine. Ijumaa alasiri, akishafunika cherehani yake pale sokoni, hukaa nao kwenye mabenchi ya kanisa. Hana mahubiri makubwa. Aliyefeli mtihani humwuliza kwanza kama amekula. Aliyekosa kazi kwenye hoteli za Malindi humwambia aje amsaidie kukata vitambaa, asibaki nyumbani akijilaumu. Wakati wa kuagana huwaambia neno lile lile: "Msiogope." Wao hucheka, maana wanamjua anayelisema.

Wasilolijua ni kwamba kila Jumamosi asubuhi Gladys alikuwa akifunga mlango, akamketisha babake kwenye kigoda na kumpaka piko kichwani, ile rangi nyeusi ya kufichia mvi.

Mgeni atadhani ni urembo. Sio urembo. Huku kwetu mzee anaweza kuitwa mchawi kwa sababu ya mvi tu. Mtoto akifa, ng'ombe akifa, kijana akikosa bahati, wapo wanaoanza kutafuta kichwa cheupe cha kulaumu. Na wanaokuja na mapanga hawatoki mbali. Ni vijana wa hapa hapa, wengine wametumwa na jamaa wanaolimezea mate shamba la mzee. Mimi jambo hili hunipandisha hasira hata kulisimulia. Mzee Ngowa ana mvi kichwa kizima na mdomo usiojua kunyamaza, na Gladys alikuwa akiishi roho juu.

Kisha likatokea lile la Japheth. Japheth alikuwa mdogo wake Kazungu. Kazungu huyo ndiye mpiga ngoma wa kwaya ya vijana, na Gladys anampenda kama mwanawe. Siku moja Japheth alipitisha bodaboda yake katikati ya muhogo wa mzee. Mzee akamfokea watu wakisikia, "Utakuja kuumia na hiyo pikipiki, wewe!" Wiki haikuisha. Japheth aligongana na lori kwenye barabara ya Malindi, akafa pale pale.

Maneno yalienea kabla hata maiti haijaletwa nyumbani: mzee alimtamkia, na ikawa. Mimi ndiye niliyempelekea Gladys habari hizo. Alianza kutafuta pa kukaa, na kiti kiko nyuma yake.

"Na Kazungu anasema hivyo pia?" akaniuliza.

"Kazungu hasemi kitu," nikamjibu. Hilo likamtisha kuliko yote.

Siku ya mazishi ikafika. Mzee asipokwenda, watasema amejificha kwa kuwa ndiye. Akienda, anajipeleka mwenyewe mikononi mwao. Gladys alimsihi atoe udhuru, aseme ana homa.

"Nimewazika watu wa mji ule wa kina Kazungu tangu sijaota ndevu," mzee akasema. "Nitakwenda."

Gladys akaona la kufanya ni moja tu. Akampaka piko asubuhi ile ile, nzito, kwa haraka. Hakungoja ikauke. Hakuisuuza. Wakatoka.

Jua lilikuwa kali na pale kaburini hapakuwa na kivuli. Kwaya ilisimama upande mmoja ikiimba. Kazungu hakupiga ngoma. Alisimama karibu na shimo, macho yake kwa Mzee Ngowa, na nyuma yake walikuwa vijana wengine, sio wa kanisa, wameegemea majembe ya kufukia. Nikaona mstari mweusi unateremka kutoka kwenye paji la uso la mzee, ukaingia kwenye kola ya shati lake jeupe. Ukafuata wa pili. Mzee akajifuta kwa kiganja, kiganja kikatoka cheusi, akawa hajui akipeleke wapi. Nyimbo zikafifia.

"Tazameni!" mtu akapaza sauti. "Alikuwa anajificha!"

Waliokuwa karibu na mzee wakarudi nyuma, akabaki peke yake kwenye lile jua. Wale vijana wakayanyanyua majembe yao mabegani.

Hapo Gladys akaenda akaubeba mtungi wa maji uliowekwa pale kwa ajili ya kunawa mikono. Nusu ya maji yakamwagika njiani. Alipofika kwa babake alivua leso yake, akamwinamisha mzee kichwa na kuanza kumwosha mbele ya watu wote. Maji yalitoka meusi, yakatoka ya kijivu, kisha mvi zikaonekana. Gladys akageuka akawatazama wanakwaya wake.

"Ni mimi niliyempaka," akasema. Hakukuwa na kipaza sauti, na sauti yake ilikuwa ikikatika. "Yeye hakutaka. Nilimpaka kwa uoga, na ninaowaogopa ni nyinyi. Kila Ijumaa nawaambia msiogope, kisha narudi nyumbani nafunga mlango kwa sababu yenu. Haya, kichwa chake ndicho hiki. Anayekitaka aanze na mimi."

Wale vijana wakayashusha majembe. Mchungaji akaomba haraka haraka. Mzee akainama, akachota mchanga kwa mkono wake wenye madoa, akautia kaburini. Hakuzuiwa, wala hakuna aliyempa pole. Walirudi nyumbani wawili peke yao, Gladys nyuma, akigeuka kila baada ya hatua chache.

Ijumaa iliyofuata hakuna kijana aliyefika kanisani. Nilimkuta Gladys kwenye yale mabenchi, ameketi na Biblia haijafunguliwa.

"Vijana nimewapoteza," akaniambia, "na baba nimemwanika."

Kesho yake asubuhi nilikuwa kwake, tunachambua kunde, tukasikia pikipiki. Hazikuwa moja wala mbili, na zote zilizimwa nje ya ua. Gladys alimsukuma babake chumbani, akasimama mlangoni na mkasi wake wa kushonea, ameushika upande wa makali. Wa kwanza kuingia uani alikuwa Kazungu.

"Tsawe yuko?" akauliza. Ndivyo vijana wanavyomwita mzee, yaani babu.

Gladys akauziba mlango kwa mwili wake.

"Niko," mzee akaitika kutoka ndani. Akaja, akamsogeza bintiye pembeni, akasimama na kichwa chake cheupe.

Kazungu alimtazama mpaka nikaanza kuomba kimoyomoyo.

"Shikamoo, tsawe."

"Marahaba."

"Yale maneno ya kuumia," Kazungu akasema, "hata mimi nilimwambia Japheth. Nilimwambia kila siku." Akageuka akatazama barabarani. "Jana watu walikuja kwetu kunishawishi nije nao hapa na mapanga. Nimewakatalia, lakini sijui kama wamenisikia. Basi mazoezi ya kwaya yatakuwa hapa uani kwenu, ili wakipita watukute."

Wengine walikuwa wameshaingia, wasichana kwa wavulana. Ngoma ilikuwa imefungwa kwa kamba nyuma ya pikipiki.

"Na wakija nanyi mpo?" Gladys akauliza. Mkasi ulikuwa ungali mkononi. "Mimi bado naogopa, Kazungu."

"Hata sisi, mwalimu," Kazungu akasema. Akaifungua ngoma, akaja akaiweka mbele ya mlango.